Uzi wa mikono thelathini

Kuna ubishi mmoja wa mitandaoni usiokwisha. Mtu anafungua 1 Wafalme 7:23, anasoma habari za bahari ya kusubu, lile birika kubwa la shaba ambalo Hiramu wa Tiro alilitengeneza kwa ajili ya hekalu la Sulemani: mikono 10 toka ukingo hadi ukingo, na uzi wa mikono 30 kulizunguka (mkono hapa ni kipimo, toka kiwiko hadi ncha za vidole). Kisha anatoa kikokotoo. Duara lenye kipenyo cha 10 lina mzingo wa 31.4. Basi, Biblia imefeli hesabu!

Watetezi nao hawalali. Wapo wanaohesabu thamani ya herufi za neno "uzi" kwa Kiebrania: jinsi lilivyoandikwa ni 111, jinsi linavyosomwa ni 106. Gawanya, zidisha kwa 3, unapata 3.1415, karibu sawa na pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Inavutia, lakini huo ni ufundi wa mtu aliyekwisha kuona majibu nyuma ya kitabu. Hoja ya unene ina uzito zaidi. Mstari wa 26 unasema unene wa birika ulikuwa upana wa kiganja. Mkono una viganja 6. Toa viwili vya kuta, kipenyo cha ndani kinabaki viganja 58, na mzingo wa ndani unakuwa mikono 30.4 hivi. Safi kabisa, ila andiko halisemi uzi ulipitishwa ndani, na sijamwona fundi anayepima mzingo wa pipa kwa ndani.

Mimi naona wote wawili wanamsahihisha mwandishi kwa mtihani ambao hakuufanya. Kwanza, mkono wa nani? Wazee wetu wa pwani walipima kwa shibiri, mkono, wari na pima, na kila mtu alikuja na kiwiko chake. Hata Ezekieli 40:5 inabidi ifafanue kwamba mkono wake ni mkono wa kawaida na upana wa kiganja juu yake.

Kuna kitu hapa ambacho wakosoaji wangekitumia vizuri kuliko kikokotoo. Sura hiyohiyo, kwenye magurudumu ya vitako, yaani vigari vya shaba vya kubebea mabirika madogo, inataja mkono mmoja na nusu. Kwa hiyo nusu ilijulikana. Kwa nini isiandikwe 31 na nusu? Jibu langu: kwenye gurudumu, nusu ni theluthi nzima ya kipimo, ukiiacha, gurudumu ni lingine. Kwenye 31.4, hicho kilichoachwa hakifiki asilimia 5. Wamisri walikuwa na hesabu ya duara inayokaribia 3.16 karne nyingi kabla ya Sulemani, na marabi wa Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho na sheria za Kiyahudi, waliosoma hesabu kwa bidii, bado walitumia 3 kwa kazi za kila siku, wakitaja birika hilihili kuwa ushahidi wao.

Ukitaka kunibana kweli, acha pai, nenda kwenye ujazo. 1 Wafalme inasema birika lilichukua bathi 2,000 (bathi ni kipimo cha kale cha vitu vya majimaji). 2 Mambo ya Nyakati 4:5 inasema 3,000. Husemwa kwamba moja ni kiasi cha kawaida na jingine ni pomoni, lakini maneno hayo yameletwa na wafasiri, hayamo katika mistari yenyewe. Mkono mmoja na ushee kati ya thelathini naweza kuuachia fundi. Bathi 1,000, hapana.