Kitambaa Kile Kitoke Juu ya PS

Oktoba hapa Tabora, mvua zikiwa bado hazijaanza, nyumba ya bati hubaki na joto la mchana mpaka saa nne usiku. Mwezi huo ndipo PS4 yetu (PlayStation 4, mashine ya gemu) ilipoanza kuzima. Mwanangu aliniita: "Baba, gemu limeandika lina joto sana." Nikaenda kuangalia. Ilikuwa ndani ya kabati la sebuleni, mlango wa kioo umefungwa vumbi lisiingie, imesukumwa hadi ukutani, na juu yake kitambaa cheupe alichokifuma mama yangu. Feni inaunguruma kama mashine ya kukoboa.

Naamini nyumba nyingi za hapa zinaua mashine za gemu kwa kuzitunza. Redio tunafunika, runinga tunafunika, maana kitu cha thamani hufunikwa. Lakini PS inahitaji kupumua. PS4 huvuta hewa ubavuni na kuitolea nyuma. Ukiifungia kabatini, hewa iliyokwisha kupata moto inaingia tena, na kila ikirudi inazidi kuwaka.

Na joto haliishii kwenye kuzima. Chipu, yaani ubongo wa mashine, imeshikwa kwenye bodi kwa vidoti vya lehemu. Vikipata moto vinatanuka, vikipoa vinasinyaa, na mwisho wake ni nyufa. Wenye Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, wanazikumbuka taa tatu nyekundu zilizowaka ilipoharibika. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Kama kampuni kubwa hivyo iliumizwa na joto, sisi ambao PS moja tunaidundulizia mwaka mzima tuna sababu zaidi ya kuliogopa.

Fundi alipoifungua, vumbi la kiangazi lilikuwa limeziba mapezi ya chuma cha kupoozea, limeshikana kama sufi ya mto. Alilipuliza kwa bloa huku ameizuia feni kwa kijiti isizunguke; ikizungushwa kwa kasi ile inaweza kuharibika. Kisha akakwangua ile pesti ya kijivu ya kuhamisha joto iliyokauka kati ya chipu na chuma, akapaka mpya. Kazi ya saa moja. Wenye PS5 wasiige hatua hiyo ya mwisho: ndani yake, badala ya pesti, kuna metali ya majimaji inayopitisha umeme, ikichuruzika kwenye bodi ni hasara. Wao watoe vifuniko vya pembeni, vinatoka kwa mikono mitupu, wanyonye vumbi kwenye matundu yaliyowekwa kwa kazi hiyo.

Mashine ikizima kwa joto, iache ipoe. Watoto huiwasha papo hapo kwa sababu mechi haijaisha, na hapo ndipo inapoumia.

Kwa mama nilikwenda na heshima zote, maana kitambaa kile alikifuma wiki nzima. Nikamwomba aweke mkono nyuma ya PS ikiwa inafanya kazi. Akauweka, akautoa haraka. "Kumbe inaungua hivi, mwanangu?" Akakikunja kitambaa mwenyewe.

Sasa PS iko juu ya meza ya mbao, pande zote wazi, nyuma kuna nafasi ya kiganja. Kila Jumamosi naifuta kwa brashi kavu. Kitambaa kiko kwenye meza ya chai.