Mjumbe kakwama chini ya breki

Kabla sijaenda mbali niwaambie kwanza Mjumbe ni nani, maana nikisema tu nilimtia Mjumbe kwenye boksi la tambi nikalifunga kwa kamba, kuna mtu atakimbilia polisi. Mjumbe ni paka wangu. Dume, rangi ya chungwa lililochoka, sikio moja limechanika kwenye ugomvi wa usiku na mpaka leo hajataja nani alimfanyia. Jina alipewa na wapangaji wenzangu kule Sinza kwa sababu alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kama mjumbe wa nyumba kumi, anajua nani kapika nini, nani hajaongea na mumewe tangu juzi, na nani kanunua samaki akawaficha. Kwangu alikuwa anakuja kulala na kudai haki zake basi.

Sasa mwezi wa pili nikapata nyumba Kigamboni. Vyombo vilitangulia asubuhi na kirikuu, mdogo wangu kapanda huko huko, mimi nikabaki na Mjumbe na ndoo moja ya rangi imejaa viatu. Shemeji yangu, mume wa dada, akaniazima IST yake. Huyu shemeji mnatakiwa mumjue kidogo. Gari kanunua mwaka wa tatu huu lakini viti bado vina nailoni, kwenye kioo kuna pafyumu ya vanila inaning'inia, ukiingia unakung'uta viatu, kidogo uvivue kama unaingia msikitini. Kwangu Sinza hajawahi kufika hata siku moja, kila siku anasema foleni. Akanikabidhi funguo akaniambia, "Shem, gari ni lako, ila usile ndani." Nikamwambia shem ondoa shaka, hata maji sinywi. Hakuniuliza naenda na nani, na mimi sikuona sababu ya kumtwisha mawazo mtu aliyenisaidia.

Kosa la kwanza nililifanya kwa upendo. Nikawaza safari ni ndefu, mtoto lazima ashibe, nikampa kichwa kizima cha sato na mchuzi wake saa nne kamili, saa nne na nusu tunaondoka. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, akaniambia mpe na nusu panado atalala njia nzima. Ningempa aisee, nisiwadanganye, ila dawa zote zilikuwa zimeshapakiwa kwenye kirikuu. Baadaye daktari wa mifugo aliponieleza nilikaa chini: ini la paka haliwezi kuivunja panado kama la kwetu, kwake inageuka sumu, hiyo hiyo nusu ingeweza kummaliza. Yaani Mjumbe yuko hai leo kwa sababu tu panado zangu muda huo zilikuwa zinavuka daraja pale Kurasini.

Kumuingiza kwenye boksi sitaki kuelezea sana. Ukiweka miguu ya mbele ya nyuma inatoka, ukishika ya nyuma ya mbele inakushika wewe, nilihesabu miguu nikapata sita. Mwisho nikafunga kamba, nikatoboa matundu mawili kwa kisu, boksi nikaliweka siti ya mbele kama mheshimiwa. Mkanda sikulifunga, nani anafunga mkanda boksi la tambi?

Tukatoka na Shekilango tukaingia Morogoro Road. Vioo vyote nimepandisha asije akatoka akaruka, na ei-si sijawasha kwa sababu mafuta ni ya shemeji na mimi nina aibu (hapo kwenye ei-si mpakumbuke). Jua la Februari la Dar mnalijua. Manzese alikuwa anatoa nyau moja, anapumzika, nyau moja. Kufika Mwembechai imekuwa nyauuuu ndefu ya kilio cha msibani, watu wa daladala ya pembeni wananiangalia kama nimeiba mtoto. Nikachungulia kwenye tundu nikamuona anahema mdomo wazi, ulimi nje. Nikacheka mjinga mimi, nikamwambia leo umekuwa mbwa. Kumbe paka akihema hivyo siyo kichekesho hata kidogo, joto limemzidi au hofu imemzidi, na siku hiyo alikuwa navyo vyote viwili.

Jangwani sato akarudi. Kwanza unasikia ghuk, ghuk, ghuk, kama mtu anavuta maji kwenye pampu ya zamani, afu kimya, afu harufu. Vanila ikajaribu kupambana pale kwenye kioo ikashindwa raundi ya kwanza. Baada ya sato ikafuata haja ndogo, na boksi la karatasi likilowa wote tunajua linakuwaje.

Sasa tunafika kwenye taa za Fire, bodaboda akakatiza mbele yangu kama barabara ni ya baba yake, nikakanyaga breki, boksi likaruka kutoka kwenye siti likapiga dashibodi likatua chini, kitako kikafunguka na Mjumbe akatoka kama mkuki. Kichwani kwangu. Begani. Siti ya nyuma. Kichwani tena. Afu akaenda sehemu ambayo kwenye gari zima hakutakiwa kwenda, chini ya miguu yangu, akajikunja nyuma ya pedeli ya breki akatulia tuli. Bahati gari lilikuwa limeshasimama kwenye taa. Nikavuta hendibreki, nikaweka N, nikanyanyua miguu yote miwili juu kama mtu aliyeona panya.

Taa ikawaka kijani. Honi. Ikawaka nyekundu, ikarudi kijani, honi zimekuwa matusi. Akaja trafiki, dada mmoja mrefu, akagonga kioo.

"Kaka, gari bovu?"

"Hapana afande. Mjumbe kakwama chini ya breki."

"Mjumbe?"

"Ndiyo afande."

"Mjumbe wa wapi?"

Na mimi jasho linatiririka, akili imeshahama, nikamjibu kwa adabu zote, "Wa Sinza."

Akaniangalia miguu yangu iliyo hewani, akaangalia matapishi ya sato kwenye nailoni ya shemeji, akainama kuchungulia. Mjumbe akamtolea mlio mmoja wa kutisha, akapita katikati ya siti akaenda kulala nyuma kabisa kwenye kioo. Trafiki akageukia pembeni mabega yanatingishika, alipogeuka tena uso mkavu. "Haya ondoa gari. Na huyo Mjumbe wako siku nyingine awe na kifungio chake, angeniulia watu hapa." Leseni hata hakuomba.

Mtu mwenye akili hapo angepaki. Mimi nikasema si karibu tunafika. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016 lakini nilijiambia pantoni ndo fupi, na kweli ni fupi, kama gari lako halina paka. Tukaingia, gari la pili kutoka mbele, nyuma yangu kuna fuso la vitunguu, ubavuni watu wa miguu wamejaa na ndoo zao. Mjumbe muda wote katulia. Nikaanza hata kujisifu. Pantoni ikapiga honi.

Sijui kama mmewahi kuona chini ya usukani wa gari pale zinapopita nyaya. Kuna uwazi, ukiuangalia unasema hata ngumi yangu haipiti. Mjumbe ana kilo zake tano na nusu na alipita. Akapanda ndani ya dashibodi huko anakojua yeye, ukabaki mkia tu, unaning'inia juu ya pedeli ya breki kama kamba ya kengele.

Tukafika ng'ambo, mlango ukashuka, gari la mbele likatoka. Zamu yangu. Siwezi kukanyaga breki maana mkia upo pale, na nyuma mwenye fuso anauliza kwa honi. Nikaanza kuita, "Mjumbe! Mjumbe toka! Mjumbe!" Kosa lingine hilo, kwa sababu abiria wanaopita wakasikia, na watu wa Dar wakishasikia nusu ile nusu nyingine wanaitunga wenyewe. Dakika mbili haziishi stori imefika mbele kwamba kuna mjumbe kazidiwa kwenye gari. Akaja kijana na chupa ya maji ya kummwagia mgonjwa. Mzee mmoja mwenye kanzu akaniuliza kwa upole ndugu wa marehemu wameshajulishwa. Wakati huo huo ushauri unamiminika, washa wipa atashtuka, piga honi ndefu, vuta mkia (anayesema vuta mkia mkono wake kauweka mfukoni). Muuza samaki akaleta kibua kibichi akakipitisha pale chini. Paka aliyewaliza Sinza nzima kwa wizi wa samaki, kibua kinampita puani, hajali. Ndo nikajua hali ni mbaya.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja alikuwa anarudi kuuza kuku Ilala, ana tenga lake tupu kichwani. Akasukuma watu, akainama, akaona mkia, akanyooka. "Sukumeni gari litoke, halafu nyote ondokeni hapa na kelele zenu. Wewe baba, vua shati."

"Bibi?"

"Shati."

Nikavua. Vijana wakalisukuma gari kutoka kwenye pantoni, mimi natembea pembeni kifua wazi mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye hendibreki, kama harusi lakini ya aibu, tukaliweka kwenye kivuli. Bibi akatandika shati langu ndani ya tenga, akalilaza pale chini mdomo unaelekea kwenye pedeli, akalifunika na kanga yake kukawa giza, akafungua vioo kidogo tu upepo upite, akaniambia kaa nyuma na usiongee. "Anaogopa asichokijua. Akisikia kikwapa chako atajua kuna mtu wa kwao."

Tulikaa kimya robo saa nzima. Afu mkia ukapotea, ukaja mguu, ukaja uso mzima una vumbi la miaka ya kiwandani Japani. Akanusa shati. Akaingia mwenyewe kwenye tenga kwa miguu yake, akazunguka mara moja akalala. Bibi akafunga mdomo wa tenga na kamba ya katani, tukaliweka chini nyuma ya siti yangu lisiteleze, na kanga juu. Mpaka Kibada, nilikomshusha bibi, hakutoa hata nyau. Tenga nililinunua, bei hakupunguza, na mimi ningeanzia wapi kubishana? Mwenye nyumba mpya alinipokea getini mara ya kwanza tunaonana, mpangaji kifua wazi, tenga mkononi, ananuka sato.

Wiki mbili mbele nikampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa, na huko ndo daktari alinicheka na kunifundisha kwa pamoja. Ila safari hiyo nilijipanga: kizimba cha plastiki nilikiacha wazi sebuleni siku kumi kabla, shati lile lile ndani, chakula chake nakiweka humo humo mpaka akakigeuza chumba chake. Siku ya safari hakula masaa manne kabla, kizimba kimefungwa mkanda, kimefunikwa kanga. Njia nzima kalala, sauti moja tu alitoa, tulipopita wanapokaanga samaki.

Turudi kwenye gari. Nililiosha siku mbili, sabuni, ndimu, magadi, pafyumu ya vanila nikanunua mpya, nikalirudisha. Shemeji akalizunguka, akanusa, akaridhika. Wiki ikapita. Jumapili asubuhi simu yake inaingia, wako njiani wanaenda kanisani na mama yangu kakaa mbele, kavaa kitenge chake kipya, kajipaka mafuta usoni vizuri. Joto likamzidi mama, shemeji kwa heshima ya mkwe wake akawasha ei-si mpaka mwisho.

"Shem," sauti ya chini kabisa, nyuma namsikia mama anapiga chafya. "Nakuuliza kwa heshima tu. Siku ile ulimpakia nani kwenye gari langu?"

"Mjumbe."

Akanyamaza. Mama akapiga chafya nyingine.

"Mjumbe wenu ana manyoya?"