Msiwavue Bibi Zetu Majina Yao

Jumapili iliyopita mama mkwe alitandaza mezani chati ya ukoo aliyotumiwa na binamu yake wa Massachusetts, Marekani, akanyamaza. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu niliyeolewa hapa Montreal, na kwa miaka niliyokaa na mama huyu najua kimya chake kina maneno. Nikasogea. Kila mwanamke kwenye chati, tangu miaka ya 1660, amevishwa jina la mumewe. Neno "dit", linalounganisha majina mawili ya ukoo mmoja, nalo limefutwa kote. Binamu ameandika kwamba "amesafisha orodha".

Amesafisha nini? Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka.

Katika daftari za parokia za Kanada ya Kifaransa, mwanamke alibatizwa, akaolewa na akazikwa kwa jina la kwao. Padri alipofungisha ndoa aliandika wazazi wa pande zote mbili, na mama wa bibi harusi naye kwa jina la kwao. Ndiyo maana watu wa huku wanaweza kupanda kizazi kwa kizazi upande wa mama hadi karne ya 17. Mtazame Ozanne Achon, aliyeolewa na Pierre Tremblay mjini Québec mwaka 1657. Kina Tremblay wengi mno wa Amerika Kaskazini ni uzao wa ndoa hiyo. Mwandike "Ozanne Tremblay", basi umemkata kwao. Baba yake utamtafutia wapi? Na wale Mabinti wa Mfalme, wanawake waliotumwa na mfalme wa Ufaransa waje kuolewa huku, wapatao 800, waliovuka bahari kati ya 1663 na 1673, wengi wao hawakuja na mzazi wala ndugu. Jina ndilo walilotoka nalo nyumbani, halafu leo mtu anaketi na kompyuta yake analifuta!

Nakubali, mtaani waliitwa Madame Fulani kwa jina la mume. Mama mkwe mwenyewe ameitwa hivyo nusu ya maisha yake. Mimi nilipoolewa nilibaki na jina langu, kwa kuwa sheria ya jimbo la Québec tangu 1981 inataka hivyo, na wapo wanaosema huo ni usasa. Waende wakafungue daftari za kanisa.

Kuhusu "dit", maana yake ni "aitwaye", na si kosa la uandishi. Askari wa Kifaransa wa kikosi cha Carignan-Salières walifika mwaka 1665 na majina yao ya jeshini, Lafleur, Ladouceur, na waliobaki wakayarithisha. Ukoo wa Hudon dit Beaulieu leo una kina Hudon na kina Beaulieu. Ukifuta "dit", ndugu wa damu wanapishana kama wageni. Kwetu Bukavu watoto wa baba mmoja waweza kuwa na majina tofauti kabisa na hakuna anayeshangaa, kwa hiyo jambo hili lilinikaa upesi. Huko Marekani majina yalikuwa yameshageuzwa kwa Kiingereza vya kutosha, Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King. Tusiongeze.

Binamu ametumia miaka kwa kazi hii, siwezi kumnyima hilo. Tena mapadri waliandika kwa kadiri walivyosikia, na kuchagua tahajia moja kunarahisisha utafutaji. Haya, chagua tahajia. Jina la mtu liache.

Wanaosema kipimo cha DNA kinatosha, kipimo hakikuambii bibi yako aliitwa nani.

Mama mkwe alichukua penseli. Alianza na mama yake mzazi, akakata jina la mume, akaandika la kwao, kisha akapanda kwa bibi yake. Mimi nikawa namsomea nakala za daftari. Tulipofikia ndoa za miaka ya 1740 giza lilikuwa limeingia. Jumapili hii narudi kwake, na binamu tumeshamwandikia atutumie orodha ile ya kwanza, kabla hajaigusa.