Ukumbi na vitabu vilikuwa mali ya mgodi

Nimesoma makala yanayoeleza kwamba sinema na maktaba za miji ya migodi zilikufa kwa sababu watu walipoteza hamu, nami nadhani yamekosea. Tuliokulia katika mji wa namna hiyo tunajua kwamba ukumbi na vitabu vilikuwa mali ya mgodi, na hata ratiba ya filamu ilifuata zamu: watoto tulipelekwa mchana ili baba aliyekesha chini ya ardhi apate kulala. Mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa mita 600 hivi huisha kwa takriban dakika 20, kwa hiyo palipokuwa na mashine moja tu ya kuonyeshea filamu taa ziliwashwa, tukabishana kwa kelele nani angekufa katika filamu, hadi mkanda mwingine ulipofungwa. Maktaba ndiyo iliyonikaa zaidi. Kabla ya kuazima kitabu nilitazama karatasi ya tarehe iliyogundishwa ndani ya jalada, kwani mihuri iliyopandana ilinionyesha (kwa uhakika kuliko mkutubi wetu mkali) ni kipi kilichopendwa. Mgodi ulipofungwa, mishahara ya mkutubi na mwendesha mashine ilikoma, ilhali wasomaji tulikuwa bado tupo.