Kabla hujafungua kopo la kupunguza uzito

Miezi mitano baada ya kuanza paroksetini kwa ajili ya sonona, nguo zote zilikuwa zimenibana. Usingizi ulikuwa umerudi, kilio cha alfajiri kimekatika, ila mizani nilikuwa naikimbia. Daktari sikumwambia kitu. Niliona haya: mtu ametoka kuomba kifo, leo alalamikie kiuno? Nikanunua kimyakimya kopo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mimea mitupu.

Haya hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Dawa za sonona kama paroksetini, mirtazapini na amitriptilini zinajulikana kunenepesha baadhi ya wanaozitumia. Si ulafi wala uvivu, na daktari aliyekuandikia anayajua hayo. Lakini tunanyamaza, halafu tunaongeza dawa ya pili kwa siri juu ya ile ya kwanza.

Kopo langu lilikwama kwa mfamasia. Nilikwenda kuchukua vidonge vyangu, akaniuliza kama kuna kingine ninachomeza, nikalitoa mkobani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: 5-HTP. Hiyo, akasema, mwili huigeuza kuwa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na paroksetini nayo kazi yake ni kuifanya serotonini ikae zaidi kwenye ubongo. Zikikutana zinaweza kuizidisha kupita kiasi: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaharisha, moyo unaenda mbio, misuli inakakamaa, akili inavurugika. Dalili huweza kuanza ndani ya saa chache tu, na hali ikiwa kali, huua. Anayeziona akimbizwe hospitali, asisubiri kupambazuke.

Hapo angalau lebo ilisema kweli. Kinachonitisha zaidi ni kopo linaloficha. Sibutramini ilibuniwa kwanza kama dawa ya sonona, ikaishia kuuzwa kama dawa ya kupunguza uzito, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa dawa wameikuta mara nyingi ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba, bila kutajwa popote kwenye lebo. Nayo pia hupandisha serotonini. Kwa hiyo anayeniuliza ni kopo gani salama kuchanganya na dawa yake, simtajii hata moja. Sioni namna ya kuahidi usalama wa kitu ambacho hata aliyekinunua hajui kina nini.

Na neno "asilia" lisikulaze. Mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa kwa jina la St John's wort, ni asilia kabisa, na bado haufai kuchanganywa na dawa hizi; hudhoofisha hata vidonge vya uzazi wa mpango. Kafeini nayo hutoka kwenye mimea, lakini ukiwa kwenye fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, mwili huchelewa sana kuiondoa, kwa hiyo kidonge cha "kuchoma mafuta" kinaweza kukukesha huku moyo ukidunda. Chai za kuharisha hupunguza maji na chumvi mwilini, na dawa nyingi za sonona zenyewe huweza kushusha sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi hiyo.

Wengine wanaona heri waache dawa ya sonona ghafla. Nawaomba wasifanye hivyo. Paroksetini hasa huadhibu anayeikatisha kwa kizunguzungu, kichefuchefu na mishtuko kama ya umeme kichwani, na sonona yenyewe huenda ikarudi.

Mwishowe nilimweleza daktari. Hakushangaa hata kidogo. Alinipima tezi ya shingo, akauliza ninavyokula na kulala, kisha tukaanza kupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kuelekea dawa nyingine. Uzito haujashuka wote. Lakini siku hizi nikimwona, kabla hajaniuliza habari za usingizi, napanda kwanza kwenye mizani mwenyewe.