Mbona Hawampigi Baunsa?

Jumamosi moja kwenye baa pale Kondele, Kisumu, nilimwona kijana aliyelewa akimzaba kofi msichana aliyekuja naye, eti amemjibu vibaya mbele ya wenzake. Baunsa akamkamata ukosi. Simba wa dakika moja iliyopita akaanza, "Pole bosi, pole mkubwa wangu." Nikajiuliza: kama ni pombe iliyompiga yule dada, mbona haikumpiga baunsa?

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili maabarani. Mtu hunyweshwa pombe, huambiwa anashindana na mpinzani aliye chumba kingine, kisha huchagua ukali wa shoti ya umeme atakayompa. Mara nyingi pombe imezidisha ukali wa wanaume kuliko wa wanawake. Na mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache, kwa hiyo chupa zilezile hukolea zaidi katika damu yake. Ingekuwa ni kileo peke yake, wasichana ndio wangekuwa wakivunja viti.

Mwaka 1990 wanasaikolojia Steele na Josephs walieleza kwamba pombe hufinya upeo wa akili: mlevi huona kilicho mbele ya pua, kesho haioni. Nakubali. Ila mbele ya pua ya kijana wa kiume kuna wenzake wanaomtazama, na tangu utotoni ameambiwa mwanamume harudi nyuma. Akipigana, kesho ni kichekesho cha maskani. Msichana akipigana, video inazunguka WhatsApp kabla hajaamka, na shangazi yuko kwenye simu kutoka ushago akiuliza amelelewa na nani. Hata akiwa amelewa chakari, hilo halimtoki kichwani.

Sisemi wasichana ni malaika. Nimeshaona chupa ikirushwa na mkono wenye kucha za rangi, na matusi yao, Mungu wangu, yanachoma kuliko ngumi.

Tangu 2010 tuna ile tunayoiita Sheria ya Mututho, baa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Sawa. Lakini "msamehe, ni pombe tu" haina saa za kufungwa. Mama zetu huisema, marafiki huisema, na mimi nimeshawahi kuisema, kwa aibu yangu.

Wiki mbili baadaye nilimkuta yule kijana palepale. Alimsalimu baunsa kwa mikono miwili. Yule dada hakuwepo.