Elfu Kumi ya Gesi na Taarab ya Bure

Asubuhi hii mke wangu ameiulizia ile elfu kumi ya gesi, nami nimelazimika kumjulisha, kwa heshima zote za mume mwenye nyumba, kwamba imekwenda kwenye muziki wa bure.

Naomba nieleweke. Tangazo lilisema taarab, Bustani ya Forodhani, jioni, bila kiingilio, na mtu wa kipato changu akisikia "bila kiingilio" hawezi kubaki nyumbani akisubiri umeme urudi. Nauli ya daladala nikatoa. Urojo nikanywa, kwa kuwa haiwezekani ukae Forodhani ukautazama tu. Mbele yangu alikaa kijana aliyeinua simu tangu nyuzi za udi zinakazwa, hivyo mwimbaji nilimwona kwenye kioo chake akiwa na ukubwa wa dole gumba. Hayo niliyastahimili.

Aliyenimaliza ni bi mkubwa mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, ananukia udi, si ule wa nyuzi. Ubeti wa tatu ulipoanza alishtuka kana kwamba ametajwa jina, akafungua fundo la pembe ya kanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaniambia: "Mwanangu, nishike mkono nikatunze, magoti hayanitii." Mtu aliyelelewa hakatai. Tukaenda mwendo wa bibi harusi, yeye akiyumba kwa madaha, mimi nikiwa mkongojo, watu wakitupisha kwa vigelegele, na kila baada ya hatua tatu anasimama kumtupia jicho mwanamke fulani aliyekaa karibu na ukuta wa bahari, ndipo nikafahamu kwamba ubeti ule una mwenyewe na mimi nimekwishaingizwa vitani. Akatunza. Mwimbaji akapokea, akainama kidogo, kisha akanigeukia mimi. Wimbo haukuendelea, ubeti ulirudiwa, ukarudiwa tena, fidla zote zikinisubiri. Nikaingiza mkono mfukoni kumtafuta Mwalimu Nyerere wa elfu moja, na kwa giza lile na jasho lile, akatoka tembo! Jamani, tembo akishaonekana na umma harudi mfukoni. Ni nani aliyewahi kumwomba mwimbaji wa taarab chenji ya elfu tisa?

Haya yote nimemsimulia mke wangu kwa mpangilio, nikidhani hasira yake ni ya gesi. Amenisikiliza huku akipepeta mchele, ambao sijui utapikwa kwa moto gani, kisha akauliza taratibu: "Ubeti wenyewe ulikuwa unasemaje, na huyo wa ukutani ni nani?"

Mimi ubeti siukumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba muuza urojo naye alibaki na mia tano yangu, akaniambia nizunguke kidogo atafute chenji, nikazungushwa mimi na bi mkubwa, na sasa kuifuata hiyo mia tano ni nauli ya kwenda na kurudi.